Macho hayana kosa: jinsi msomaji wa Kichina anavyojua neno linaishia wapi

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msichana wa Kitanzania, nipo Nanjing, China, mwaka wa maandalizi ya lugha kabla sijaanza shahada ya uhandisi wa ujenzi. Nimefaulu HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) ngazi ya nne, na hanzi, yaani herufi za Kichina, elfu moja hivi nazijua nikioneshwa moja moja. Lakini nikiwekewa ukurasa mzima nazama. Hakuna nafasi kati ya maneno, macho yanakwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyedondosha sindano. Wiki iliyopita darasani nilikuta 南京市长江大桥 nikatafsiri "Meya wa Nanjing, Jiang Daqiao". Darasa zima likacheka, kumbe ni Daraja la Mto Changjiang la Nanjing. Nimeanza kugawa maneno kwa penseli, mwalimu kanikataza, anasema nitalemaa. Je, macho yangu yana kasoro? Au ni umakini? Wachina wenyewe wanaionaje mipaka ya maneno? Na vitabu vilivyowekewa nafasi nivitumie au niviache?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hicho kicheko, maana naona kimekuchoma. Maneno uliyojikwaa nayo ni mtego unaojulikana na Wachina wenyewe. Wanataniana nao, na wanaotengeneza programu za kukata maandishi ya Kichina kuwa maneno huutumia kupima kama programu zao zina akili. Umeanguka kwenye shimo ambalo kompyuta pia zimeanguka, tena umeanguka kwa sababu unajua neno 市长, yaani meya. Asiyejua neno hilo asingekosea hivyo.

Tulitazame kosa lenyewe, kwa sababu karibu jibu lote limo ndani yake. Hanzi ni saba. Ukizikata 南京市 / 长江 / 大桥 unapata mji wa Nanjing, mto Changjiang, daraja kubwa: lile la reli na magari lililofunguliwa mwaka 1968. Ukizikata 南京 / 市长 / 江大桥 unapata Nanjing, meya, na mtu wa ukoo wa Jiang aitwaye Daqiao. Katikati imekaa 长, inayogombewa na majirani wawili. Wa kushoto anaivuta iwe 市长, wa kulia anaivuta iwe 长江. Hata sauti yake inangoja mshindi: upande wa meya inasomwa *zhǎng*, mkuu, upande wa mto inasomwa *cháng*, ndefu. Kwa hiyo mpaka wa neno katika Kichina hauji baada ya kusoma kama pambo. Mpaka ndio unaoamua umesoma nini.

Swali lako limebeba dhana tatu ambazo wanafunzi wengi wanazo, na naona ndizo zinazokusumbua kuliko macho. Ya kwanza ni kwamba ukijua hanzi umejua kusoma. Hanzi si neno. Kuna kamusi ya maneno ya kawaida ya Kichina cha leo, ya mwaka 2008, yenye maneno kama 56,000. Maneno ya hanzi moja humo ni kama asilimia 6 tu, na ya hanzi mbili ni kama asilimia 72. Yaliyobaki ni ya tatu na nne. Lakini ukifungua ukurasa, hayo machache ya hanzi moja, kama 的, 是, 我, 在, yanajirudia kila mahali, kwa hiyo kwa hesabu ya kutokea ndiyo mengi kuliko yote. Ndiyo maana unababaika: kila hanzi unayoifikia inaweza kuwa neno kamili, au mwanzo wa neno, au mkia wa neno lililokwisha kuanza, na hakuna alama inayokuambia ni ipi kati ya hizo.

Dhana ya pili ni kwamba nafasi kati ya maneno ni jambo la asili, na Kichina kimeikosa kama mtu aliyekosa kidole. Nafasi ni desturi. Kwa karne nyingi Kilatini kiliandikwa maneno yakiwa yameungana mstari mzima, na waliozoesha Ulaya ya magharibi kutenganisha maneno walikuwa watawa wa Ireland, karne ya 7 na ya 8, ambao Kilatini kwao kilikuwa lugha ya kujifunza darasani kama Kichina kilivyo kwako. Kithai mpaka leo hakiweki nafasi kati ya neno na neno. Tena tazama kwetu, kwenye ndugu wa lugha za Kibantu: Mzulu huandika *ngiyakuthanda* kwa neno moja, Msotho wa Kaskazini huandika *ke a go rata* kwa maneno manne, na wote wawili wanasema "ninakupenda". Na sisi wenyewe, fungua simu yako usome ujumbe wa ndugu zako nyumbani. Utakuta "kwasababu" limeunganishwa na "nilicho kisema" limetenganishwa, na mwandishi hana wasiwasi hata kidogo. Ndivyo ilivyo China pia: ukiwapa Wachina waliosoma ukurasa mmoja na kuwaambia waweke mistari maneno yanapoishia, hawatakubaliana pote. Alama za vituo za kisasa, nukta na mkato na nyinginezo, zilitolewa rasmi kwa agizo la Wizara ya Elimu yao mwaka 1920. Nafasi kati ya maneno hawakuiweka, na kwa watu wazima waliozaliwa ndani ya lugha haikuwa pengo, kama nitakavyokuonesha.

Dhana ya tatu ndiyo kubwa: kwamba Mchina kwanza huona mipaka, akisha kuiona ndipo anasoma. Wewe unajaribu kufanya hivyo hivyo. Unaukagua mstari ukitafuta mahali pa kukata, halafu unarudi kusoma, na macho yanachoka kabla maana haijafika. Mambo hayaendi hivyo, na ili ulione vizuri nataka nikujaribu kwa Kiswahili. Soma hii:

*mamaamenunuasamakiwengi*

Uliisoma. Ilikuwa nzito kidogo, lakini hukuhitaji penseli. Sasa soma hii:

*waliokotamchelenjeyaduka*

Kama uko kama wengi, jicho limeshika "wali" kwanza, na kule mbele "mchele" ukaja kulitia nguvu kosa, kisha mahali fulani ukashtuka, ukarudi, ukapata "waliokota mchele nje ya duka". Hakuna aliyekufundisha kanuni ya kukata hapo. Neno ulilolijua ndilo lililochonga mpaka, na lilipochonga vibaya, neno jingine ulilolijua likasahihisha. Meya wako wa Nanjing na huo wali ni kosa la aina moja, ila moja limefanyika katika lugha uliyonyonya na jingine katika lugha ya miaka miwili.

Sasa tuingie kwenye macho yenyewe. Jicho halitelezi juu ya mstari kama gari barabarani. Linatua, linaruka, linatua. Kila tuo huchukua karibu robo ya sekunde, na sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo sana. Nje yake mambo yanafifia haraka. Mwaka 1975 George McConkie na Keith Rayner, Marekani, walibuni mbinu ambayo bado inatumika: kompyuta inafuatilia macho na kuonesha maandishi ndani ya kidirisha kidogo tu kinachotembea na jicho, kila kitu nje yake kikiwa kimevurugwa. Ukikipunguza kidirisha mpaka msomaji akaanza kupunguza mwendo, umejua anahitaji eneo gani. Kwa msomaji wa Kiingereza eneo hilo hufika herufi 14 au 15 kulia kwa mahali alipotua, na 3 au 4 tu kushoto. Kwa msomaji wa Kichina ni hanzi moja kushoto na mbili au tatu kulia. Usidhani Mchina anaona kidogo. Hanzi imebanwa, ina habari nyingi ndani ya mraba mmoja.

Kwa nini kulia kuwe kwingi kuliko kushoto? Jicho lina pande mbili sawa. Ni umakini ndio unaotangulia, unaenda kupima njia kabla mguu haujafika. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1981 kwa Waisraeli wanaosoma Kiebrania na Kiingereza. Watu wale wale, macho yale yale, walipokuwa wakisoma Kiebrania eneo lao lilivutwa kushoto, na waliposoma Kiingereza likavutwa kulia. Kama ulipita madrasa kabla ya shule, umefanya hivyo tangu utotoni bila kujua: mbele ya msahafu umakini wako unatangulia kushoto, mbele ya kitabu cha Kiswahili unatangulia kulia. Ninakuambia haya ili uone kwamba umakini unaozungumzwa hapa si ile bidii ya "kaa makini darasani". Huo wa kwako sina shaka nao. Huu ni kama mwanga wa tochi unaokwenda hatua moja mbele ya jicho, na lugha unayosoma ndiyo inayoushika mkono.

Katika Kiingereza au Kiswahili, mwanga huo unaona nafasi nyeupe iliyo mbele na kujua neno linalofuata lina urefu gani, kisha jicho linarushwa litue karibu na katikati ya neno hilo. Ukiondoa nafasi kwenye Kiingereza, usomaji hupungua kasi kwa asilimia 30 hadi 50. Katika Kichina hakuna weupe wa kulenga. Kwa hiyo tochi inaongozwa na nini?

Hapa kuna majaribio mawili ambayo nayapenda sana. Mwaka 1994 Egly, Driver na Rafal waliwaonesha watu mistatili miwili sambamba kwenye skrini, wakamulika ncha ya mmoja, kisha wakaweka kitu cha kutafutwa ama kwenye ncha ya pili ya mstatili ule ule, ama kwenye ncha ya mstatili wa pili iliyo umbali sawa kabisa. Watu walikiona haraka zaidi kilipokuwa ndani ya mstatili uliomulikwa. Umakini ukigusa kitu, husambaa ndani ya kitu hicho kabla haujavuka kwenda kwa jirani. Mwaka 2008 Xingshan Li na Gordon Logan wakaondoa mistatili na kuweka hanzi nne kwa umbo la mraba, zikifanya maneno mawili ya hanzi mbili mbili. Hapakuwa na mstari, wala nafasi, wala rangi ya kutenganisha maneno hayo. Wakavuta umakini kwenye hanzi moja. Wachina wakawa wepesi zaidi kwenye hanzi iliyo mwenza wake wa neno kuliko kwenye hanzi ya neno la pili iliyo umbali ule ule. Fikiri uzito wake: ukuta uliouzuia umakini usivuke haukuwa kwenye skrini. Ulikuwa kwenye kumbukumbu ya msomaji.

Mwaka uliofuata Li, pamoja na Rayner niliyemtaja na Kyle Cave, walionesha hanzi nne kwa muda mfupi sana. Zilipokuwa neno moja la hanzi nne, wasomaji waliweza kuzitaja zote. Zilipokuwa maneno mawili, mara nyingi walitaja neno la kwanza tu. Hanzi ni nne pale na ni nne hapa, lakini neno lilipokwisha umakini ulikuwa umesimama mlangoni, haujaingia chumba cha pili.

Ukiunganisha majaribio haya na mengine ya baadaye, picha ambayo watafiti wengi wa Kichina wanaitumia sasa ni ya ugomvi. Jicho likitua, hanzi zote zilizo ndani ya lile eneo dogo huamshwa kwa pamoja. Kila neno linaloweza kujengwa nazo huinua mkono: 市长 linainua, 长江 linainua, 南京市 linainua. Yanasukumana. Neno linalotumika sana lina sauti kubwa, na lililoanza mapema upande wa kushoto lina nafasi yake nzuri. Moja likishinda, kwa tendo hilo hilo limetambuliwa na mpaka wake umewekwa. Umakini unahamia kwenye hanzi inayofuata mpaka huo, na jicho linafuata. Kukata na kutambua si hatua mbili, ni hatua moja. Ndiyo maana nakuambia kutafuta mahali pa kukata kabla ya kulijua neno ni kutafuta mlango wa nyumba isiyojengwa.

Na ndiyo maana Mchina mzima hana haja na nafasi. Mwaka 2008 Xuejun Bai na wenzake waliwapa wasomaji wa China sentensi za aina nne: za kawaida, zenye nafasi kati ya maneno, zenye nafasi baada ya kila hanzi, na zenye nafasi iliyowekwa mahali pa uongo, ikikata neno katikati. Nafasi sahihi haikuwaongezea wala kuwapunguzia kitu. Walisoma kwa wepesi ule ule wa maandishi waliyoyazoea maisha yao yote, ingawa umbo la ukurasa lilikuwa geni machoni mwao. Nafasi ya kila hanzi iliwachelewesha, na ya uongo iliwavuruga. Kama hanzi ingekuwa ndiyo jiwe la ujenzi la usomaji wao, kuitenga moja moja kusingewadhuru. Kilichowadhuru ni kuvunjiwa neno.

Wewe si Mchina mzima, na hapo mwalimu wako na mimi tunatofautiana kidogo, kwa heshima zote. Mwaka 2012 Deli Shen na wenzake walirudia jambo hilo kwa wanafunzi wa kigeni waliotoka Marekani, Korea, Japani na Thailand. Hawa walisaidiwa na nafasi kati ya maneno. Na angalia nchi zenyewe: Kiingereza na Kikorea vina nafasi, Kijapani na Kithai havina, na bado wote walisaidiwa. Kwa hiyo si suala la kuwa umezoeshwa nafasi na Kiswahili chako. Ni kwamba mwanafunzi bado hana maneno ya kutosha kichwani ya kupigana ule ugomvi, na nafasi inampa jibu la ugomvi bure. Mwaka huo huo Hazel Blythe na wenzake waliwafundisha watoto na watu wazima wa China maneno mapya kabisa, kundi moja kwa sentensi zenye nafasi na jingine bila nafasi. Waliopewa nafasi waliyashika maneno mapya vizuri zaidi, na kwa watoto faida ile ilibaki hata walipokutana na maneno hayo tena kwenye maandishi yasiyo na nafasi. Faida ilikuwa imehama kutoka kwenye karatasi ikaingia kichwani.

Basi penseli yako si ulemavu. Lakini inategemea unaitumia lini. Ukikata ukiwa unasoma mara ya kwanza, unafanya lile kosa la kutafuta mlango kabla ya nyumba, na kila mkato wa uongo unakuvuruga kama nafasi za uongo zilivyowavuruga wasomaji wa Bai. Ningekushauri aya uisome kwanza bila kuigusa, hata kama umeelewa nusu. Kisha mara ya pili weka mstari mahali ulipokwama tu, siyo kila mahali, ufungue kamusi, ujue mshindi ni nani. Mara ya tatu soma nakala safi isiyo na mistari, kwa sauti. Sauti ina kazi yake hapa: huwezi kutamka 长 bila kuamua, na kama umeunganisha vibaya pumzi itakwama mahali pasipofaa na sikio lako, ambalo limekaa Nanjing miezi yote hii, litakataa kabla ya jicho.

Vitabu vyenye nafasi vitumie kwa maneno mapya, na uviache mara maneno hayo yakishakuwa yako. Usivichukue kama gari la kwendea chuo. Matini za darasa lako la shahada hazitakuwa na nafasi, na mtihani wa HSK kuanzia ngazi ya tatu haukupi hata pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Pinyin yenyewe, kwa njia, ni mwalimu wa mipaka ambaye wanafunzi wengi hawamtumii. Ilipitishwa mwaka 1958, na kanuni zake rasmi zinataka iandikwe kwa maneno na siyo kwa silabi: *dàqiáo* ni neno moja, *shìzhǎng* ni neno moja. Ukiandika orodha ya msamiati, andika pinyin kwa kuunganisha hivyo, siyo *dà qiáo*. Ni jambo dogo la mkono lakini linakufundisha kiungo kilipo.

Programu za simu zinazokata maandishi na kukupa maana ukigusa neno ni msaada mkubwa, sikukatazi. Ila ujue zinakosea, na zinakosea hasa pale unapozihitaji, kwenye hanzi yenye wagombea wawili. Mfano ni 花生长. Programu ikishika 花生 itakupa karanga. Sentensi inayosema maua yanakua ilitaka 花 / 生长. Ukigusa na kuamini, umejifunza kosa. Na kozi zinazouzwa za kupanua macho ili usome mstari mzima kwa tuo moja, tafadhali usitoe senti yako. Upeo wa jicho una mpaka wa kimwili, na mwendo wa msomaji hodari unatokana na maneno kushinda upesi.

Kinachobaki ni kuongeza wagombea wa haki, yaani maneno. Hanzi elfu moja unazozijua moja moja zigeuze kuwa maneno. Usiandike kadi ya 生. Andika kadi za 学生, 生活, 生长, 花生, 研究生. Baadhi ya hanzi zitakuwa vigingi vyako. 子 na 们 na 者 hukaa mwishoni mwa neno mara nyingi, 第 hukaa mwanzo. 的 karibu kila mara husimama peke yake, na wasomaji hodari huiruka bila hata kutua, lakini kwako iwe mlango: kilichotangulia kimeisha hapa. Ziko nyingine ambazo huwezi kuzikuta mbali na mwenzake: ukiona 蝴 jua 蝶 ipo pembeni, huyo ni kipepeo. Na usiogope mwisho wa mstari. Kichina hukata neno katikati mwishoni mwa mstari bila alama yoyote, kwa hiyo ukifika ukingoni na hanzi inaning'inia, shuka nayo, usiifunge.

Umeniuliza kuhusu kasoro, na sitaki nikutulize kwa kubahatisha. Kama Kiswahili na Kiingereza unavisoma vizuri, na tabu hii iko kwenye Kichina tu, basi ni hatua ya kujifunza, hakuna ugonjwa. Lakini muone mtaalamu wa macho kama maandishi ya lugha zote yanagawanyika mawili, yanacheza, au kichwa kinauma kila ukisoma kwa dakika chache. Huenda ni miwani tu au macho mawili hayashirikiani vizuri. Kama tangu darasa la pili ulikuwa unaruka mistari, kuchanganya silabi na kusoma polepole kuliko wenzako hata kwa Kiswahili, tafuta mtu wa kukupima disleksia, na uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni, maana vyuo vingi vina kitengo cha ushauri. Na kama siku moja uwezo wa kusoma ukipungua ghafla, au upande mmoja wa ukurasa ukatoweka, au maneno yakagoma kutoka mdomoni, hilo si suala la kuniandikia. Ni hospitali saa ile ile, kwa sababu kiharusi huweza kuanza hivyo hata kwa kijana.

Kuhusu mwaka ujao, kuna kazi moja ningependa uianze wiki hii. Muombe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi akupe picha za kurasa kumi za kitabu chao. Utakuta 钢筋混凝土. Hanzi tano, zimeshikana, na ukizichukua moja moja utapata chuma, mishipa, vurugu, kuganda na udongo, usielewe kitu. Ni maneno mawili: 钢筋 ni nondo, 混凝土 ni zege. Zote mbili umeziona tangu mtoto, kila nyumba iliyojengwa mtaani kwenu. Jifunze hizo mbili kama maneno leo, kesho 桥墩, nguzo ya daraja, na kila neno liandike pamoja na sentensi lilimotoka. Kisha siku ya mapumziko nenda pale darajani, usimame mbele ya maandishi yake, uyasome kwa sauti.